Old Course ya St Andrews, shimo kwa shimo: mpango wa mtu wa hendikapu 14 aliyezoea Nairobi

Aini7

Wadau, salaam. Nafasi ya kucheza gofu Old Course, St Andrews, Scotland, imeshapatikana kwa Julai, kwa hiyo habari za kura ya kugawa nafasi tuziweke kando. Ninachotafuta ni mpango wa shimo kwa shimo. Hendikapu 14, yaani napewa mikwaju 14 ya nyongeza kwa raundi. Mpira hukunja kulia, si sana. Nairobi draiva (fimbo ya mbali kabisa) inakwenda yadi 240, aini 7 (fimbo ya chuma ya umbali wa kati) yadi 155.

Ramani nimeitazama mpaka macho yameuma: banka (mashimo ya mchanga) 112, mashimo yanapishana, grini (uwanja wa majani mafupi penye bendera) moja ina bendera mbili. Naombeni mnisaidie haya: umbali niubadilishe vipi, kila shimo ni upande gani ukikosea unasamehewa, na namba 17 inachezwaje na mtu ambaye si profeshano.

---

KusiNaKaskazi

Tuanze na umbali, maana hapo ndipo watu wa Nairobi wanapoumia kabla hata ya kufika kwenye banka.

Nairobi unacheza mita 1,700 hivi juu ya bahari. St Andrews iko ufukweni. Hewa ni nzito zaidi, mpira unapungukiwa na asilimia 6 au 7 angani. Draiva yako ihesabu 225, aini 7 ihesabu 145, na asubuhi ya nyuzi 12 toa yadi nyingine mbili tatu. Hiyo ni angani tu. Chini kuna mchanga uliofunikwa na majani membamba, mafupi, makavu, na draiva ikitua inaweza kubingirika yadi 30. Majani ya kikuyu uliyozoea hushika mpira palepale ulipoangukia, haya hayashiki. Kwa hiyo kila fimbo iandikie namba mbili: unapotua na unaposimama. Banka za pale zinakula zote mbili.

Upepo wa usoni, kila maili moja kwa saa ongeza asilimia moja ya umbali. Upepo wa maili 20 unaifanya yadi 150 ichezwe kama 180. Wa mgongoni unakurudishia nusu tu. Ukiweza, cheza raundi mbili tatu pwani, Nyali au Vipingo, msimu wa kusi kabla ya safari. Zoezi ni kupiga nusu swingi mpira upite chini, na hilo bara hulipati.

Sasa upande. Uwanja unatoka mjini kwenda kaskazini-magharibi hadi mdomo wa mto Eden, unajipinda kati ya shimo la 7 na la 11, kisha unarudi. Unazunguka kinyume cha saa. Ukienda, feawei (njia za majani yaliyokatwa) za kurudi ziko kushoto kwako. Ukirudi, feawei za kwenda ziko kushoto kwako vilevile. Kulia ukienda ni vichaka vya miiba ambavyo mpira hautoki, na kulia ukirudi ni nje ya mpaka kwa sehemu kubwa. Kwa mpira unaokunja kulia, lenga kushoto zaidi ya unavyoona ni haki.

Bendera za kwenda ni nyeupe, za kurudi ni nyekundu. Grini saba ni za pamoja na namba zake zikijumlishwa zinatoa 18: 2 na 16, 3 na 15, 4 na 14, 5 na 13, 6 na 12, 7 na 11, 8 na 10. Usicheke, kuna watu wanapiga kwenye bendera isiyo yao.

Yadi nitakazotaja ni za tii (mahali pa kupigia mkwaju wa kwanza) zenye 6,721 kwa jumla, pa (mikwaju inayotarajiwa) 72. Ukipangiwa tii za mbele, toa.

1 (376, pa 4). Feawei yake na ya 18 ni uwanja mmoja mpana, hakuna banka hata moja. Draiva haihitajiki. Piga haibridi (fimbo ya umbali mfupi kuliko draiva) ukielekea daraja dogo la mawe kushoto, maana kulia kuna uzio na nje ya mpaka. Hatari iko kwenye mkwaju wa pili: kijito cha Swilcan kinapita mbele kabisa ya grini, kimeikumbatia. Ongeza fimbo moja. Ukizidisha unabaki na pati (mkwaju wa kubingirisha mpira) ndefu, ukipunguza umelowa.

2 (411). Vichaka kulia vinaanza hapa. Banka inayoitwa Cheape's iko kushoto, na utakutana nayo tena kwenye 17. Bogi (mkwaju mmoja juu ya pa) hapa si aibu.

3 (370). Banka ya Cartgate imekula upande wa kushoto wa mbele ya grini. Mkwaju wa pili lenga kulia ya bendera, hata kama bendera iko kushoto.

4 (419). Njia iliyonyooka ni bonde jembamba. Pita kushoto juu ya uwanda, ila jihadhari na banka ya Cottage. Mbele ya grini kuna kilima kinachorusha mpira pembeni, kwa hiyo mpira utue kabla yake ukibingirika au uvuke kabisa. Katikati hakuna salama.

5 (514, pa 5). Banka saba ziko kulia, zinasubiri mpira wako unaokunja. Kushoto kabisa. Mkwaju wa pili simama kabla ya ukingo wenye banka mbili ziitwazo Spectacles. Hapa macho yanadanganya: nyuma ya ukingo kuna bonde usiloliona, bendera inaonekana kama imekaa juu ya banka, kumbe iko mbali zaidi. Grini yenyewe ina kina cha karibu yadi 100. Usiamini jicho, soma namba.

6 (374). Tii haioni kitu, mbele ni vichaka. Hapa ndipo kushoto panapoacha kuwa bure: banka za Coffins ziko upande huo. Muulize kedi (mbeba mfuko wako) mstari na uufuate. Kabla ya grini kuna mfereji mdogo wa majani, kwa hiyo ongeza nusu fimbo.

7 (359). Shimo linapinda kulia, na wanaocheza 11 wanakatiza mbele yenu. Tazama kwanza, wanaweza kuwa wanapiga.

8 (166, pa 3). Banka moja ndogo mbele ya grini, kushoto, ndiyo shida yote. Usiwe mfupi.

9 (347). Tambarare. Banka za Boase's na End ziko katikati ya feawei, ndio umbali wako wa draiva. Haibridi, halafu mpira wa kubingirika. Grini ni mwendelezo wa feawei tu, unaweza kupiga pati kutoka yadi 40.

---

GriniMbili

KusiNaKaskazi amesema vizuri, ila hili la kushoto lisichukuliwe kama amri. Kushoto ni usalama wa kadi, lakini karibu kila grini pale inafunguka kwa anayetoka kulia. Shimo la 3 ukilala kushoto sana, Cartgate iko kati yako na bendera. La 16 ni hivyo hivyo. Anayetafuta badi (mkwaju mmoja chini ya pa) inabidi asogee karibu na miiba au ukuta. Kwa hendikapu 14 nakubaliana: kushoto, lakini ujue umelipa nini, na mkwaju wa pili ucheze katikati ya grini badala ya bendera.

Ninachoona kimeachwa ni banka zenyewe. Si zile sahani za mchanga tulizozoea. Ni visima. Ukuta umejengwa kwa tabaka za udongo wenye majani, umesimama karibu wima, na ardhi inayozunguka imeinamia ndani, kwa hiyo mpira unaopita mita moja pembeni bado unavutwa. Mwaka 2000 Tiger Woods alishinda The Open, mashindano makubwa ya gofu, pale kwa mikwaju 19 chini ya pa, na kwa mashimo 72 hakuingia banka hata moja. Hiyo ndiyo takwimu ya kuibandika kwenye mfuko.

Ukishaingia:

Mpira ukiwa zaidi ya mita moja na nusu kutoka ukutani, fungua weji (fimbo ya kuinua mpira) ya nyuzi 56 au 58, piga mchanga sentimita tano nyuma ya mpira, na toka tu. Usiwaze umbali.

Mpira ukiwa chini ya ukuta, geuka. Piga pembeni au rudi ulikotoka. Kosa la kawaida ni kujaribu mbele, mpira unagonga ukuta na kurudi mguuni, na mkwaju wa pili unakuwa mgumu kuliko wa kwanza.

Ikiwa hata pembeni haiwezekani, kanuni ya 19.3 inakuruhusu kutangaza mpira hauchezeki. Kuudondosha ndani ya banka ni mkwaju mmoja wa adhabu. Kutoka nje ya banka, nyuma kwenye mstari wa shimo na mpira, ni miwili. Kurudi ulikopiga mwanzo ni mmoja. Watu wengi husahau hiyo ya mwisho, kumbe kama ulipiga pati ikaanguka bankani, kurudi pale pale kwenye grini ndiyo bei nafuu kuliko zote.

Na weji: iwe yenye tumbo dogo chini. Tumbo kubwa linalosaidia kwenye kikuyu linaruka juu ya ardhi ngumu ya pale, ukingo unakata mpira katikati na unavuka grini. Ndani ya yadi 30, pakiwa hakuna banka mbele, fimbo ya pati. Hata kama kuna mlima. Pati yako mbaya itakuwa bora kuliko weji yako nzuri.

---

KusiNaKaskazi

Hapo kwenye weji hakuna la kuongeza. Naendelea na safari ya kurudi.

10 (340). Limepewa jina la bingwa wa zamani Bobby Jones. Fupi, wazi. Pa ya kuchukua.

11 (174, pa 3). Hili ni dogo na ndilo kali. Grini imeinama sana kutoka nyuma kuja mbele, banka ya Strath iko mbele kulia, banka ya Hill kushoto, na nyuma ni upepo wa mto. Ukiwa juu ya bendera, pati ya kushuka inaweza kukuacha mbali chini, hata nje ya grini. Kwa hiyo lengo ni mbele katikati, chini ya bendera, hata kama mpira umesimama nje ya grini. Mwaka 1921 Bobby Jones aliingia Hill, akaiacha raundi hapo hapo.

12 (316). Ukiwa kwenye tii unaona feawei safi tu. Ni uongo. Uwanja huu zamani ulichezwa pia kwa kuzunguka upande wa pili, na banka za shimo hili zinatazama huko, kwa hiyo kutoka tii zimejificha zote, katikati kabisa. Usipige draiva kwa sababu namba ni ndogo. Kedi akuonyeshe umbali wa kusimama kabla ya banka ya kwanza, kisha weji. Grini ina kijukwaa chembamba, mpira ukizidi unateremka nyuma.

13 (418). Coffins tena, safari hii ukitazama mji. Nenda kushoto kwao, kwenye feawei ya 6. Mkwaju wa pili ni wa kupiga bila kuona, juu ya ukingo. Mbele ya grini kuna banka ya Lion's Mouth, na nyuma yake grini kubwa sana. Ongeza fimbo. Hakuna mtu anayezidisha hapa.

14 (530, pa 5). Kadi nyingi huharibikia hapa, si 17. Kulia, ukuta mfupi wa mawe na nje ya mpaka. Kushoto, banka nne ziitwazo Beardies. Katikati, uwanda mzuri uitwao Elysian Fields. Halafu yadi 100 hivi kabla ya grini, Hell. Jehanamu yenyewe, kina kimepita kimo cha mtu. Mwaka 1995 Jack Nicklaus alitumia mikwaju minne mle ndani, akaandika 10.

Hesabu yako ni hii. Draiva nzuri inakuacha na yadi 280 hivi. Kuvuka Hell kwa mkwaju wa pili kunataka zaidi ya 200 angani, na hilo huna. Kuna njia mbili. Ya kwanza: piga yadi 130 tu, aini 8, usimame na 150, Hell ikiwa mbele yako salama, na mkwaju wa tatu unaivuka kwa urefu mkubwa. Ya pili: toka kushoto kabisa kwenye feawei ya 5, piga 180, ubaki na weji. Ya pili ni fupi, ila mpira wako unaokunja kulia unaweza kurudi hadi Hell. Mimi ningekwenda na ya kwanza. Mtu anayetumia aini 8 kwenye pa 5 anaonekana mwoga, na anaandika 5 au 6.

15 (414). Nyoofu, lenga mnara wa kanisa mjini, epuka banka ya Cottage kushoto. Basi.

16 (381). Banka tatu kwenye kilima kimoja, Principal's Nose, na nyuma yake tu nyingine iitwayo Deacon Sime. Kati ya hizo na uzio wa kulia kuna uchochoro unaowavutia wenye nguvu. Usipite. Kushoto, hata kama mkwaju wa pili unakuwa mgumu kidogo juu ya banka ya Wig.

---

Aini7

Shukrani sana, wakuu. Swali la 14: upepo ukitoka baharini, ukaja kutoka kushoto wakati wa kurudi, huo ukuta wa kulia mimi na mpira wangu tunafanyaje?

---

KusiNaKaskazi

Hiyo ndiyo hali mbaya kuliko zote kwako, kwa sababu upepo wa mashariki unasukuma kila mpira wa kurudi kwenye mpaka. Weka draiva mfukoni 14 na 16. Haibridi, mpira mfupi wa chini, ukielekezwa juu ya Beardies: kwa umbali wa haibridi dhidi ya upepo huo utazisogelea tu, na mkunjo wako unaurudisha katikati. Upepo wa kusini-magharibi, ambao ndio wa kawaida, unatoka kulia ukirudi, na hapo mkunjo wako unanyooka wenyewe.

---

GriniMbili

17 niachieni mimi.

17 (455, pa 4). Kutoka tii unaona vibanda vyenye maandishi ya hoteli. Mpira unavuka pembe ya vibanda hivyo. Kila herufi ukisogea kulia, njia inakuwa fupi na hoteli inakuwa karibu, na hoteli ni nje ya mpaka. Anza kushoto ya maandishi na uache mpira ukunje. Ukinyooka utaangukia rafu ya kushoto, na hapo hujafa.

Sasa umebaki na 200 na kitu. Sahau grini. Tazama umbo lake: ni nyembamba, imelala mshazari, banka ya Road imeingia ubavuni kushoto mbele, na nyuma kuna mteremko mfupi, barabara na ukuta wa mawe. Barabara na ukuta ni sehemu ya uwanja, hakuna kuhamisha mpira bure. Anayepiga kwa nguvu kwa fimbo ndefu anaishia barabarani, kama Tom Watson mwaka 1984. Anayelegeza kidogo kushoto, ardhi inamteremsha bankani. Mwaka 1978 Tommy Nakajima alikuwa tayari kwenye grini, pati yake ikaingia banka hiyo, akamaliza kwa 9.

Mkwaju wa pili: yadi 170 hadi 180, kulia ya mbele ya grini, mpira usimame chini. Wa tatu: fimbo ya pati, panda ule mwinuko. Bendera ikiwa nyuma ya banka, usiilenge. Pita kulia ya banka kwa nafasi ya kutosha na kubali kubaki na mita saba nane. Cameron Smith mwaka 2022, siku ya mwisho akiwa anaongoza, aliizunguka banka hiyo kwa pati badala ya kuirusha juu, akapata pa na akashinda. Kwako lengo ni 5.

Mpira ukiwa barabarani, pati tena. Upige kwa nguvu kuliko unavyodhani, maana mteremko unakula nusu.

18 (357). Lenga saa ya jengo la klabu au kushoto zaidi. Kulia ni mtaa, nje ya mpaka. Barabara ndogo inakatiza feawei, wapisheni wapita njia. Mbele kushoto ya grini kuna shimo la majani, Valley of Sin, linalorudisha mpira mfupi miguuni kwako. Ongeza fimbo moja ufike nyuma ya katikati. Ukishaangukia humo, pati, na hesabu kama umbali ni nusu tena zaidi. Costantino Rocca alitumbukiza kutoka hapo mwaka 1995, lakini aliyeondoka na kombe baada ya mashimo ya ziada ni John Daly.

---

Aini7

Nimeandika vyote. Kedi akinipa mstari tofauti na huu?

---

GriniMbili

Mfuate kedi. Yeye anauona upepo wa siku hiyo na mahali bendera ilipochomekwa asubuhi. Ila mwambie mapema, kwenye tii ya kwanza, kwamba mpira wako hukunja kulia na aini 7 yako ni 145. Ukimwambia 155 kwa aibu, atakupa fimbo ya 155.